Kabla ya Kufungua Chupa ya Dimethilizebaki

Kabla maabara yoyote ya Mombasa haijajifunza namna ya kuishika dimethilizebaki, kemikali ya zebaki yenye sumu kali mno, na ijiulize kwanza kama inaihitaji. Matumizi yake ni finyu mno: wanakemia waliitumia hasa kusawazisha mashine zinazochunguza viini vya atomi kwa nguvu ya sumaku, kazi inayoweza kufanywa kwa chumvi za zebaki, ambazo nazo ni sumu lakini hazigeuki mvuke wala kupenya ngozi kwa kasi ile. Kwa maoni yangu, mjadala mwingi ungeishia hapo.

Anayelazimika kuendelea, au aliyeikuta chupa kuukuu stoo, ajue kwamba hicho ni kimiminika kisicho na rangi, kizito karibu mara tatu ya maji na chepesi kushika moto, ambacho hutoa mvuke kwa wingi zaidi katika joto la kaskazi. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, baada ya kuhakikisha kwamba jenereta itaendelea kuliendesha umeme ukikatika, na panka la darini lizimwe hata kama watu wanatokwa jasho, kwa sababu upepo wake huweza kuutoa mvuke nje ya kabati.

Glavu za kawaida za mpira hazifai kabisa. Mnamo Agosti 1996, Profesa Karen Wetterhahn wa Dartmouth College, Marekani, alidondokewa na matone machache juu ya glavu ya namna hiyo, nayo sumu ikapenya. Miezi mitano baadaye alianza kuyumba na kutatizika kusema, na Juni 1997 akafariki. Kwa hiyo ziandaliwe glavu za plastiki yenye matabaka, zivaliwe chini ya glavu nene ndefu, pamoja na ngao ya uso. Mabaki yawekwe katika chombo kinachofungwa vizuri. Kamwe yasimwagwe kwenye sinki.

Damu ya mhusika ipimwe kabla ya kazi, na kemikali ikimdondokea apelekwe hospitalini papo hapo bila kungoja dalili. Jina kamili la kemikali liandikwe mapema kwenye karatasi ya kubandikwa mlangoni, anayemsindikiza aibebe, maana daktari wa zamu akiambiwa "zebaki" tu huenda akafikiria ile ya kipimajoto.