Jinsi ya Kuisoma Nguvu ya Gari Lenye Supachaja kwa Mguu, Sikio na Mgongo

Wengi wanaotamani kuendesha gari la misuli la Kimarekani, yaani lile lenye injini kubwa na nguvu nyingi, hudhani kwamba utamu wake uko mwisho wa pedali, pale mafuta yanapokanyagwa mpaka chini. Kwa gari lenye supachaja mambo ni kinyume chake. Kinacholitofautisha na magari mengine kinapatikana katika sehemu ya kwanza ya pedali, kabla injini haijaanza kupiga kelele, na kwa hiyo hata dereva wa Dar es Salaam, anayebanana na daladala, bajaji na bodaboda kutwa nzima na ambaye sheria inamwekea ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, anaweza kuuonja utamu huo bila kupigwa tochi na trafiki wala kumhatarisha mtu yeyote.

Kabla ya kushika usukani, elewa kwanza kinachofanyika chini ya boneti. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya kranki, yaani mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni. Injini ikizunguka, nayo inazunguka papo hapo. Turbo, kwa upande wake, huzungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda, na ndiyo maana ukikanyaga mafuta ghafla katika gari la turbo, hasa la zamani, hupita kitambo kidogo bila jambo, kisha nguvu inakuja kwa mkupuo. Katika Dodge Challenger SRT Hellcat iliyoingia sokoni kama toleo la mwaka 2015, ikiwa na injini ya V8 (silinda nane katika safu mbili) ya lita 6.2, supachaja huzunguka mara 2.36 kwa kila mzunguko mmoja wa kranki, hufika mizunguko 14,600 kwa dakika, na huisukuma hewa ndani ya injini kwa shinikizo la takriban baa 0.8 juu ya lile la kawaida. Hapo ndipo zinapopatikana nguvu za farasi 707 pamoja na nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita (Nm) 881. Chevrolet Camaro ZL1 ya 2017 ina nguvu za farasi 650, na Ford Mustang Shelby GT500 ya 2020 ina 760, zote zikiwa na V8 iliyobebeshwa supachaja juu yake, katikati ya safu mbili za silinda.

Sehemu ambayo watu huisahau ni kilango kidogo cha kupitishia hewa pembeni. Unapoendesha taratibu, kilango hicho huwa wazi, hewa inayosukumwa na supachaja inarudi ilikotoka, na injini inavuta pumzi kama V8 nyingine yoyote. Ukiongeza mafuta, kilango kinajifunga na hewa yote inalazimika kuingia kwenye silinda. Ukiwa na geji ya shinikizo kwenye dashibodi utaliona jambo hili kwa macho: sifuri ni shinikizo la hewa ya kawaida, katika mwendo wa kawaida mshale unakaa chini ya sifuri hiyo, na unapokanyaga unavuka sifuri na kupanda. Kwa hiyo gari hili lina tabia mbili, na ujuzi wa kuliendesha ni kujua mguu wako uko upande upi wa ile sifuri.

Ushauri wangu ni kutoanza na Hellcat. Mitaa ya Dar imejaa Mercedes-Benz zenye maandishi ya Kompressor nyuma, nyingi zikiwa zimetoka Japani, na kompressor hiyo si kitu kingine bali supachaja iliyowekwa kwenye injini ndogo ya silinda nne. Azima C 200 Kompressor ya ndugu au rafiki, uingie kwenye barabara iliyotulia, liache gari litembee kilomita 30 kwa saa katika gia ya pili, kisha ongeza mafuta kidogo kidogo. Utahisi linavuta kama lenye injini kubwa kuliko iliyomo, na kwamba mvuto huo hauna mahali pa kuanzia: hakuna mshtuko, kuna kuongezeka tu. Hatua inayofuata, kwa atakayebahatika, ni Range Rover Sport yenye V8 ya lita 5.0 na supachaja, ambayo katika matoleo ya 2010 hadi 2013 ilikuwa na nguvu za farasi 510. Magari haya yote mawili yanapatikana yakiwa na usukani wa kulia, jambo ambalo si dogo hata kidogo, kwa maana Challenger haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia, na kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili ukiwa umekaa upande wa kushoto, na huku una nguvu nyingi kuliko uwezo wako wa kuona mbele, ni kujitakia balaa.

Ukishafika kwenye gari lenyewe la misuli, usiwashe na kuondoka kwa fujo. Oili inahitaji kupata joto, na matairi vilevile. Kagua kashata za matairi ya nyuma na upime upepo wake asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi lililoanza kuwa kipara, ambalo kwenye Corolla lingekuvumilia mwaka mzima, hapa halikuvumilii hata dakika moja. Acha mfumo wa kudhibiti utelezi ukiwa umewashwa. Hellcat huja na funguo mbili, nyeusi inayoizuia injini isivuke nguvu za farasi 500 na nyekundu inayoiachia zote, na kwa maoni yangu ile nyekundu ibaki nyumbani mpaka mguu wako uwe umelizoea gari.

Sasa zoezi lenyewe. Tafuta kipande kilichonyooka, kikavu, chenye lami nzuri, kisicho na wavukaji wala matuta. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha inashawishi kwa upana wake, lakini watu wanaivuka kwa miguu na mabasi yanaingia na kutoka vituoni, kwa hiyo upana huo usikudanganye. Asubuhi ya Jumapili kwenye barabara tulivu ni bora zaidi. Weka gia ya tatu kwa kuchagua mwenyewe ili giaboksi isishuke gia bila ruhusa yako, na utembee kilomita 40 kwa saa. Injini itakuwa inazunguka kama mara 1,700 kwa dakika, karibu na kusinzia. Zima redio. Teremsha mguu mpaka robo ya pedali kwa muda wa sekunde moja nzima, si kwa kupiga, kisha usiuongeze tena.

Kitakachokufikia kwanza ni sauti. Juu ya mngurumo mzito wa V8 utasikia mluzi mwembamba ukipanda, nao unatoka mbele yako, si nyuma kwenye ekzosi. Mara hiyo hiyo makalio yanalihisi gari likichuchumaa nyuma, halafu kiti kinakuja kukukuta mgongoni, kwa shinikizo lisilopungua wala kuongezeka kwa ghafla, kana kwamba mtu ameweka kiganja katikati ya mabega yako na hataki kukitoa. Boneti inainuka kidogo machoni. Mwendo kwenye dashibodi ndio wa mwisho kukupa taarifa, na kabla hujausoma vizuri utakuwa umeshafika 50. Achia hapo. Rudia mara kadhaa, kila mara ukibadilisha kina cha mguu kwa kiasi kidogo sana, mpaka uweze kusema bila kutazama geji ni wakati gani mshale umevuka sifuri. Abiria hatagundua tofauti kati ya jaribio moja na jingine, ila wewe utagundua.

Angalia pia namna ya kuachia. Nguvu ya supachaja huondoka upesi kama ilivyokuja, kwa sababu kilango kinafunguka mara moja. Uzito unahamia mbele na matairi ya nyuma yanapungukiwa na mshiko. Kwenye mstari ulionyooka hilo ni kutikisa kichwa tu. Kwenye kona inayokaza, kama zile za kuteremka kutoka barabara za juu, gari linaweza kukuzungusha, na kwa hiyo mguu utoke taratibu kuliko ulivyoingia.

Ama kukanyaga mpaka chini, nieleze kwa hesabu kabla ya hisia. Katika gia ya kwanza, giaboksi na difu huikuza nguvu ya kuzungusha ya Hellcat mara kama kumi na mbili kabla haijafika kwenye matairi. Ukiigawa kwa nusu kipenyo cha tairi, msukumo unaopatikana ni zaidi ya mara mbili ya ule ambao matairi mawili ya nyuma yanaweza kuushika, hata ukihesabu uzito unaorudi nyuma gari linapochuchumaa. Maana yake ni kwamba, kuanzia gari likiwa limesimama, kinachoamua kasi yako ni lami, wala si injini. Dereva asiyejua hilo hukanyaga, hupata moshi na harufu ya mpira ulioungua, na gari linaenda upande. Anayejua huanza kwa mafuta kidogo, analisubiri gari liondoke, ndipo anaongeza kadiri mwendo unavyoongezeka. Huko juu hisia inabadilika: kifua kinabana, shingo inahitaji nguvu kuubakiza uso mbele, na mluzi unapanda mpaka unaumeza mngurumo wa injini. Kutoka kusimama hadi kilomita 96 kwa saa gari hili linahitaji chini ya sekunde 4, na gia ya kwanza peke yake inatosha kuvuka 50. Kwa hiyo nguvu zote ni za uwanja uliofungwa, wenye ruhusa ya mwenye eneo. Hakuna kipande cha barabara ya umma mjini Dar es Salaam kinachofaa kwa jambo hilo, saa yoyote, na atakayekwambia kipo hajawahi kusimamisha gari la tani mbili mbele ya bodaboda aliyejitokeza ghafla.

Joto linahitaji nafasi yake, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wa hapa waseme gari limekwisha wakati halina ugonjwa wowote. Hewa ikibanwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi na huweza kuufanya mchanganyiko wa mafuta ujilipue kabla ya wakati. Ndiyo maana kuna kipoozeo chenye maji yake, pampu yake na rejeta yake ndogo mbele. Mfumo huo unategemea upepo. Sasa ingia kwenye foleni ya Buguruni saa kumi na moja jioni mwezi wa Februari: gari limesimama, kiyoyozi kinafanya kazi, joto la rejeta linarudi chini ya boneti, na supachaja, ambayo ni pande la chuma lililokalia injini, inaota moto huo kwa nusu saa nzima. Ukitoka kwenye foleni na kukanyaga, gari linajibu kwa uvivu. Kompyuta imechelewesha cheche ili kuinusuru injini, na nguvu unayoihisi si ile ya asubuhi. Usilihukumu gari wakati huo. Tembea kilomita kadhaa kwa mguu mwepesi, mshale ukiwa chini ya sifuri, ili upepo upite na maji yapoe, ndipo ujaribu tena. Watengenezaji wenyewe wanalijua tatizo hili. Dodge Challenger SRT Demon ya 2018 iliwekewa utaratibu wa kutumia gesi ya kiyoyozi kupoza hewa inayoingia kwenye injini badala ya kumpoza dereva, mpango ambao sidhani kama kuna mkazi wa Dar atakayeukubali.

Wakati wa masika usifanye zoezi lolote kati ya haya. Mvua ya kwanza huinua oili na vumbi vilivyolala kwenye lami, na mchanga husombwa mpaka katikati ya njia. Chagua mfumo wa uendeshaji wa mvua kama gari linao, anza kuondoka kwa gia ya pili, na mshale wa geji ubaki chini ya sifuri.

Kuhusu mafuta, fuata oktani, yaani kipimo cha petroli kuhimili kubanwa bila kujilipua, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na usibahatishe, kwa sababu injini yenye supachaja huadhibu petroli hafifu haraka kuliko injini ya kawaida. Matumizi nayo ni makubwa: ukiwa umekanyaga mpaka chini, Hellcat hunywa lita kadhaa kwa dakika.

Mwisho, sikio lililozoea mluzi huo litakufaa unapotaka kununua gari la aina hii lililotumika. Mluzi wa supachaja nzima hupanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini, laini, bila kukatika. Mwombe muuzaji aliwashe likiwa limepoa, fungua boneti, usimame upande wa mkanda. Ukisikia chuma kikigongana au kukwaruza wakati gari liko kwenye sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta, na sauti hiyo ikapotea injini inapoongezewa mafuta, fundi aangalie beringi na kiunganishi kilichopo nyuma ya puli. Ukisikia mkanda ukilia pale tu unapokanyaga mafuta, huenda unateleza, na mkanda unaoteleza hauwezi kuipandisha geji hata supachaja yenyewe ikiwa nzima. Uangalie kwa kurunzi kama una nyufa au umeng'aa, ukague na kikaza mkanda, na umuulize fundi oili ya ndani ya supachaja, ambayo katika supachaja nyingi ni tofauti na ya injini, ilibadilishwa lini.