Jinsi ya kusoma kesi za uchawi za Salem bila kupotea
Kwanza futa ile picha ya watu kuchomwa moto, Salem ya 1692 (mji wa Massachusetts, Marekani ya leo) hakuchomwa mtu, 19 walinyongwa na mzee Giles Corey akafa kwa kulundikiwa mawe sababu aligoma kujibu mashtaka. Halafu kwa kila jina angalia, alikiri au alikataa? Maana waliokiri kwamba ni wachawi ndo walipona, waliokataa ndo wakaenda kwenye kamba, yaani vituko. Kesi ya Rebecca Nurse, mmoja wa washtakiwa, isome polepole: wazee wa baraza walishasema hana hatia, kelele zikapigwa, akaulizwa tena, bibi wa watu masikio mazito hakusikia akanyamaza, wakamgeuzia wakasema ana hatia. Ushahidi wa mizuka (mtu kudai mzuka wa mshtakiwa ulimtesa) nao usiuruke, ulipokataliwa 1693 wengi wakaachiwa.