Pima klachi kabla ya kushusha giaboksi
Kabla hujaamua kubadilisha klachi nyumbani au gereji, endesha kwenye barabara tambarare isiyo na magari kwa gia ya nne, mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho: mshale wa mizunguko ya injini ukipanda ghafla ilhali mwendo hauongezeki, klachi inateleza, kwa sababu gia kubwa huitwisha mzigo mzito. Kipimo hiki hakisaidii ikiwa shida ni gia kuingia kwa kukwaruza. Hapo kagua kwanza mafuta ya klachi na silinda zake, kazi inayowezekana kabisa nyumbani. Kushusha giaboksi ili kuifikia klachi bila jeki yake na stendi imara ni hatari, kwa hiyo mwachie fundi, na umsisitize akague sili ya nyuma ya injini (mpira unaozuia oili kutoka), kwani ikivuja italoanisha klachi mpya.