Namna ya Kutengeneza Kijarida cha Muziki kwa Karatasi Moja

Kijarida kinachoelezwa hapa kinahitaji karatasi moja ya A4, mkasi, gundi, kalamu nyeusi na kibanda cha fotokopi, vitu ambavyo havikosekani Mtwara mjini, Masasi wala Newala. Wengi hukwama kwenye jambo la kuandika, kwa kuwa hukaa wakisubiri msanii "atoke" ndipo wamwandike.

Waliotutangulia katika kazi hii hawakusubiri. Mwaka 1930 wapenzi wa hadithi za kisayansi mjini Chicago walianza kutoa kijarida chao, The Comet, na vingi vilivyokifuata vilitolewa kwa mashine za stensili, ndugu wa zile zilizotoa mitihani ya shule zetu. Julai 1976 Mark Perry, karani wa benki jijini London, alipoona magazeti hayaziandiki vya kutosha bendi alizozipenda za panki, muziki wa gitaa wa kasi na makelele, alipiga taipu toleo la kwanza la kijarida chake, Sniffin' Glue, akaandika vichwa vya habari kwa makapeni, na nakala zikatolewa kwa fotokopi. Januari 1977 bendi ya panki ya Buzzcocks, ya Manchester, baada ya kukopa pauni 500, ilitoa santuri ya Spiral Scratch bila kupitia kampuni yoyote, na kwenye jalada ikaeleza kila wimbo ulipatikana katika jaribio la ngapi na kama kuna sauti zilizoongezwa baadaye. Hilo la jalada ndilo ningependa tuliige, kuliko nywele za kusimama na pini mashavuni za wapenzi wa panki: msomaji aonyeshwe kazi ilivyofanyika, ili naye akitaka aifanye.

Kwa hiyo unapokwenda kuzungumza na kijana anayerekodi singeli chumbani kwake Chikongola, usimwulize atatoka lini. Kwetu "andagraundi" ni msanii aliyesimama mlangoni akingoja kufunguliwa, ilhali wale wa London na Manchester walijijengea nyumba yao. Mwulize kipaza sauti alikipataje, kompyuta ni ya nani, anafanyaje mvua inapopiga bati katikati ya kurekodi, na nyimbo zake hufikaje kwenye memori kadi za waendesha bodaboda. Kwa fundi wa ngoma, uliza mti alioutumia, ngozi aliyoiwamba, na huiotesha moto kwa muda gani kabla sindimba haijaanza. Yale ya jando na unyago yasiyosemwa hadharani yaache hukohuko.

Sasa karatasi. Ilaze kwa upana, uikunje mara tatu, kila mara nusu kwa nusu, kisha uifungue. Utaona vyumba vinane, vinne juu na vinne chini. Safu ya chini, kuanzia kushoto, ni jalada la nyuma, jalada la mbele, ukurasa wa pili na wa tatu. Safu ya juu huandikwa kichwa chini, kuanzia kulia kwenda kushoto: wa nne, wa tano, wa sita na wa saba. Mara ya kwanza mimi niliibandika safu ya juu wima kama ya chini, nikatoa nakala thelathini, na wasomaji wakalazimika kukigeuzageuza kijarida kama anayetafuta mtandao wa simu.

Karatasi hii uliyoiandika na kuibandika ndiyo nakala mama, ya kutolea fotokopi; usiikate. Katika nakala utakazotoa, kunja kila moja katikati ili ncha fupi zikutane, ukate kuanzia upande wa mkunjo, ukifuata mstari wa kati, hadi kwenye mkunjo unaofuata tu. Ifungue, uikunje kwa urefu, kisha sukuma ncha mbili zielekeane mpaka tundu la kati lifunguke na kurasa zijipange zenyewe. Sugua mikunjo kwa mgongo wa kijiko. Stepla haihitajiki.

Fotokopi ina tabia zake. Penseli hufifia, wino wa buluu husuasua, na picha iliyopigwa usiku hutoka kama mkaa, kwa hiyo chagua picha yenye mwanga mkali au mchoro wa mistari. Acha sentimita moja tupu pembezoni, maana mashine nyingi hazifiki ukingoni.

Kuhusu kugawa, saluni za vinyozi na vijiwe vya bodaboda vinatosha kuanzia. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka magazeti yawe na leseni, hivyo anayekusudia kuuza matoleo mfululizo aulize kwanza kwa afisa habari wa halmashauri yake.

Kabla ya kutoa nakala nyingi, toa moja, umpelekee uliyemhoji aisome ukiwa umekaa naye. Jina likiwa limekosewa, andika kipande kipya, ukibandike juu yake kwenye nakala mama, ndipo urudi kibandani.