Kurekebisha nguo za kawaida ili bastola isionekane

Maswali ni yale yale, kwa hiyo naweka majibu yote hapa. Somo ni la mwenye leseni ya kubeba. Asiye nayo aanzie huko.

1. Toa risasi, kagua chemba (tundu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa) kwa macho na kidole. Risasi zikae chumba kingine wakati wote wa kupima nguo.

2. Chagua ala, yaani kifuko cha kuvalia bastola, kabla ya nguo. Iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote.

3. Mkanda mgumu, upana wa milimita 38. Bastola aina ya Glock 19 iliyojaa risasi inafika takriban gramu 850. Mkanda laini hupinda, mpini ukalala nje.

4. Kama ala inakaa ndani ya suruali, fundi cherehani aongeze kiuno sentimita 3 hadi 5.

5. Shati refu kidogo, lenye pindo lililonyooka, lisilobana.

6. Koti. Hapa soma mara mbili. Ile kamba ya kukazia kiuno, pamoja na kibano chake cha plastiki, ikatwe kabisa. Usiifunge fundo wala kuichomeka ndani, maana itatoka. Unaporudisha bastola kwenye ala, kibano, au hata pindo la shati, kinaweza kuingia mbele ya kifyatulio. Wewe unasukuma chini, kifyatulio kinazuiwa, risasi inatoka kuelekea pajani. Imewapata hata polisi wazoefu. Bitana iliyochanika ishonwe. Kila mara vuta nguo pembeni kwa mkono wa pili, tazama ala, rudisha taratibu. Ukihisi kitu kinazuia, USISUKUME. Toa, angalia.

MASWALI

— Mkuu, mimi naitupia mfuko wa koti pamoja na funguo. Vipi?
Namba 2.

— Sijasoma yote. Nguo gani itanipitisha kwenye ukaguzi mlangoni?
Hakuna, na silifundishi hilo. Panapokaguliwa unaitaja, au huingii nayo.

— Kwa nini shati la maua lifiche kuliko jeupe?
Swali zuri. Kinachokuumbua ni kivuli cha ukingo wa mpini. Kwenye rangi moja ya mwanga jicho linakiona mara moja; maua na mistari hukivunja. Uzito wa kitambaa nao una kazi: chepesi hugandia mpini, kizito kidogo huning'inia. Simama mbele ya kioo, inua mikono, keti, kisha inama. Utaona mpini ndio unaojitokeza, mtutu mara chache. Ukiokota kitu, chuchumaa.

— Na sisi tunaovaa magauni?
Dada, blauzi na sketi yenye vishikio vya mkanda ni rahisi zaidi. Kwa gauni zima, tumia mkanda wa tumboni, ila ala iwe ngumu vilevile. Mkoba uwe wa mwisho: ukiuweka chini umeiacha bastola, na mtoto anaweza kuufungua.

— Jasho je? Yangu inaanza kutu upande wa mwilini.
Vaa fulana ya pamba chini ya ala. Jioni toa risasi, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha mafuta ya silaha kidogo sana. Na ala yenyewe ifutwe ndani; jasho hubaki humo.