Ng'ambo ya Songwe: tunavyojiandaa kwenda kwa wasichana wa kituo cha yatima

Mama mchungaji wa usharika wa jirani alinipigia simu wiki iliyopita. Mwakani nao wanataka kuvuka mto Songwe kwenda Malawi kuwatembelea wasichana wa kituo cha yatima, kama tufanyavyo sisi akina mama wa huku Kyela. "Dada, niandikie tu mnachobeba," akaniambia. Nikamjibu kubeba ndiyo kazi ndogo kuliko zote, ila nitamwandikia. Mimi ni fundi cherehani, si mwalimu wa semina, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa sana kwenye kitambaa.

Mnapoanza, msianze na mchango. Anzeni na matroni.

Safari yetu ya kwanza, mwaka 2019, tulichanga kwanza tukauliza baadaye. Tulivuka na magunia mawili ya mitumba, midoli, katoni sita za biskuti na kwaya nzima. Nguo nyingi zilikuwa za watoto wadogo, na kule wasichana walio wengi walikuwa wa miaka kumi na miwili kwenda juu. Matroni alishukuru mpaka tukaona aibu, akaziweka stoo. Niliporudi mwaka 2022 nilizikuta palepale, na gunia moja panya walikuwa wameligeuza wodi ya wazazi.

Siku hizi nampigia miezi minne kabla. Simuulizi "tuwaletee nini," maana mtu mwenye adabu atakujibu "chochote, mama." Namuuliza: mwezi huu umekwama wapi? Mwaka jana alinitajia chupi, sabuni, fundi wa kufufua cherehani mbili za kukanyaga, na nauli. Nauli ya nani? Ya wasichana kwenda kwa bibi zao likizo. Hapo ndipo nilipojua kwamba wengi wao si yatima kama tunavyowahubiri kanisani. Huyu ana mama anayeumwa, yule ana bibi kijijini, mwingine ana baba aliyekwenda kutafuta kazi Afrika Kusini hajarudi. Afisa wa ustawi wa jamii tuliyemwalika kutufundisha kabla ya safari alituambia kuna miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inayosema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Tangu hapo fungu la nauli ndilo linalotengwa kwanza kwenye bajeti yetu, kabla ya fulana. Fulana zenye jina la usharika tulishaziacha. Kila mtu ana nguo zake.

Kabla hujakubali kituo chochote, piga simu pia kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ya kule, uulize kama kituo kimesajiliwa na kama wageni wanaruhusiwa. Kituo kinachokuharakisha uje na kamera, ukipiga picha ulete wafadhili, kiogope. Nao wakikudai barua ya mchungaji wako na ya mwenyekiti wa mtaa inayosema wewe ni mtu wa namna gani, usikasirike. Mimi ningekuwa na binti mle ningetaka zaidi ya barua.

Sasa mwezi wa kwenda. Sisi tulizoea Juni kwa sababu shule za huku zinafungwa. Kule mwaka wa masomo unaanza Septemba na kuisha Julai, kwa hiyo Juni unawakuta wamekalia madaftari ya mitihani na wewe unawapigia ngoma nje ya dirisha. Nendeni Agosti. Mvua hakuna, wasichana wako likizo, na wale wenye bibi unaweza kuwakuta wakijiandaa kuondoka, ukasaidia kufunga mizigo. Mbu wapo mwaka mzima kwenye mwambao wa ziwa. Kila mtu na chandarua chake.

Karatasi hazisumbui sana. Pasipoti ni shilingi 150,000 na akina mama wengi hawana, lakini Uhamiaji hutoa hati ya dharura ya kusafiria kwa bei nafuu zaidi. Ombeni mapema, msisubiri wiki ya safari. Bebeni kadi ya njano ya chanjo hata kama jirani yako alipita bila kuulizwa. Vijana wa kubadilisha hela pale mpakani Kasumulu watakukimbilia kabla basi halijasimama. Ukibadilisha kwao, hesabu kwacha zako mwenyewe, noti kwa noti, na usikubali akuhesabie tena baada ya wewe kumaliza, maana mkono wa pili ndio unaoiba.

Mchele msibebe. Najua, mchele wa Kyela ni fahari yetu na mzee wa usharika atataka kutoa magunia. Tulishakaa forodhani nusu siku kwa ajili ya magunia manne. Chukueni hela, mnunue mahindi, maharage na usipa, dagaa wa ziwani, kwenye soko la Karonga, upande wa Malawi. Bei iko sawa tu, na mama wa sokoni naye anapata. Matroni aende nanyi, yeye ndiye anayejua maharage yasiyoiva.

Halafu kuna saa. Hili liandikeni kwa wino mwekundu. Saa za Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na tena wao hawahesabu kama sisi, wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Safari ya pili matroni alituambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Njooni saa nane." Sisi tukala ugali wa mchana taratibu, ambao wao huuita nsima, tukafika saa nane mchana tumependeza. Wasichana walikuwa wamevaa sare na kusimama foleni tangu saa mbili ya asubuhi yao. Hakuna aliyetulaumu. Uji waliotuandalia ulikuwa umeganda kama gundi, na tuliunywa wote, kikombe kwa kikombe, hakuna aliyethubutu kubakiza. Tangu siku ile nauliza: kabla ya chakula cha mchana au baada yake?

Lugha isiwatishe. Kingonde cha Karonga na Kinyakyusa chetu ni ndugu wa tumbo moja, na ukiamkia jikoni kwa Kinyakyusa bibi wa jikoni atacheka na kukuvutia kigoda. Wasichana waliotoka kusini zaidi wanasema Kitumbuka au Kichewa. Jifunzeni "yewo" na "zikomo," zote ni asante, na zitatumika sana. Jambo moja tu: mezani msianzishe habari ya mpaka wa ziwa. Sisi tunaliita Nyasa, wao Malawi, na usipa ni uleule.

Ukifika kituoni, simu. Tuna ungo mmoja mkubwa unaowekwa mlangoni kwa matroni, na simu zote za wageni zinaingia humo mpaka jioni, yangu ikiwa ya kwanza. Mwaka wa kwanza tulipiga picha kama tuko harusini. Mama mmoja akaweka picha ya msichana kwenye "status" ya simu yake, na maneno juu yake, "Hana baba wala mama, tumwombee." Shangazi wa yule msichana aliiona picha hiyo Mbeya. Ndiye aliyemlea, mpaka yeye shangazi alipovunjika mguu! Tuliomba radhi kwa simu, tukaomba tena ana kwa ana. Yakobo ameandika habari ya "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao," na mchungaji wetu hupenda kutukumbusha kwamba kutazama kule ni kuangalia mtu asipungukiwe, siyo kumkodolea macho.

Yanayofuata nayasema haraka kwa sababu hayana mjadala. Hakuna mgeni kukaa chumbani na msichana peke yake. Mnakuwa wawili watu wazima, mlango wazi. Vijana wa kwaya wanalala gesti mjini, hata wawe watakatifu namna gani. Hakuna kumuuliza mtoto wazazi wake walikufaje. Hakuna kumsimamisha ibadani atoe ushuhuda wa shida zake. Zawadi zote zinapita kwa matroni. Mambo hayo yasomwe kwa sauti kwenye kikao cha mwisho, na asiyekubali arudishiwe nauli yake mapema.

Haya, tufike kwenye kazi yenyewe. Sisi tunashona pedi za kufua. Nimechagua hii kwa sababu msichana akiijua, hahitaji tena kunisubiri mimi.

Kata umbo kwanza kwenye boksi gumu, siyo kwenye gazeti, ili wabaki nalo. Ya mchana iwe sentimita 25 kwa urefu, ya usiku 30, katikati upana wa kama saba, na mbawa mbili za kukunjia chini ya chupi. Juu, panapogusa mwili, weka pamba laini. Khanga iliyofuliwa mpaka ikachoka ni bora kuliko mpya. Ndani weka tabaka mbili za taulo kuukuu au flaneli ya nepi. Chini unahitaji kitambaa kisichopitisha maji. Cha kununua ni ghali. Mimi natumia miavuli iliyokufa, na Kyela tunapoishi na mvua, miavuli iliyokufa haijawahi kuwa shida. Waambieni washarika wasitupe mwavuli hata mmoja kuanzia Januari. Mwavuli mmoja wa kawaida unatoa pedi za kutosha msichana mmoja na zaidi.

Shona tabaka za ndani pamoja kwanza, halafu uzifunge katikati ya juu na chini, uache upenyo wa vidole viwili, upindue, upige mshono kuzunguka ukingo. Usipige mshono katikati kwenye kitambaa cha mwavuli, kila tundu la sindano ni mlango wa damu. Kwenye mbawa weka vifungo vya kubana, na kama hakuna, kifungo cha shati na kitanzi cha uzi. Kila msichana awe na sita: nne za mchana, mbili za usiku. Pedi bila chupi nzima ni kazi bure, kwa hiyo chupi tatu kwa kila mmoja, za saizi anazotutajia matroni kwa idadi, bila majina.

Kushona wanajifunza kwa siku mbili. Kufua ndiko kunakochukua muda, kwa sababu kuna aibu ndani yake. Damu inaloweshwa kwenye maji baridi; maji ya moto yanaigandisha kwenye kitambaa na doa halitoki tena. Sabuni ya mche, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani. Wasichana walikuwa wanaanika chini ya vitanda, gizani, na pedi iliyokaukia gizani inanuka na kuwasha. Hotuba yangu ya afya haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kamba. Matroni alipiga uzio wa mabua nyuma ya bafu, tukafunga kamba mbili ndani yake, juani, mahali ambapo mlinzi na wavulana wa jirani hawaoni. Siku ya tatu kamba ilikuwa imejaa. Mkienda, ulizieni kwanza pa kuanika, halafu ndiyo mfungue cherehani.

Cherehani iwe ya kukanyaga. Umeme unakatika kule kama unavyokatika huku. Na msifundishe wasichana wote 31 kwa pamoja kama nilivyofanya mimi mwaka 2022 nikapoteza sauti. Fundisha wakubwa sita pamoja na matroni mwenyewe, hao wawafundishe wadogo wewe ukiwa umekaa pembeni na mkasi. Utaona wanakukosoa kwa kile ulichowafundisha asubuhi.

Limebaki moja, nalo siliandiki kwa raha. Mwaka ule wa 2019 kulikuwa na msichana wa miaka kama tisa aliyening'ang'ania mkono siku zote tatu. Siku ya kuondoka alilia, nami nikalia, na kwaya ikaimba tukaona hiyo ndiyo baraka. Nikamwambia, "Krismasi nitakuja." Krismasi ilikuja na ada ya mwanangu, sikwenda. Halafu ikaja corona. Niliporudi alikuwa ameshachukuliwa na mama yake mdogo, jambo jema kabisa. Ila bibi wa jikoni aliniambia, bila kunikaripia, kwamba Krismasi ile mtoto alikaa getini mpaka walipomwita kula. Sasa natoa amri moja kwenye basi: usiahidi tarehe, usijiite mama wa mtu, usichague kipenzi. Anayekumbatia na kubembeleza awe yule atakayekuwepo Jumatatu. Siku ya mwisho tunaaga baada ya chakula, bila wimbo wa kuagana, wasichana wanarudi kwenye vyombo na sisi kwenye basi. Mara ya mwisho hakuna aliyelia. Mama mmoja wa kwaya alinung'unika kwamba safari haikuwa na upako. Nilimwachia maoni yake.

Mkirudi, someni hesabu kanisani Jumapili ya kwanza, hata ile hela ya gesti, na nakala mumtumie matroni ajue mlitangaza nini kwa jina lake.

Matroni wetu ameshanitumia ujumbe wa mwaka huu: sindano namba 16, mkanda mmoja wa cherehani, na miavuli. Sindano nimeshanunua. Mkanda bado natafuta, wa hapa sokoni ni mfupi.