Kabla ya kupima umeme wa msongo mkubwa kwa kompyuta

Kabla hujashika hata bisibisi, jiulize: waya wa ardhi ukikatika kipimo kikiendelea, volti zote zitakwenda wapi? Kama jibu ni kwenye kompyuta, basi zitafika pia kwenye vidole vilivyo juu ya kibodi, na mtambo huo bado si wa kuwashwa.

Kijue chanzo chako. Laini ya usambazaji ya kilovolti 11 haipimwi kwa kifaa cha kujitengenezea. Hupimwa kwa transfoma ya kupimia, 11,000 kwa 110, iliyofungwa na mafundi wenye idhini, kwa sababu shoti ya pale hulipuka na kuyeyusha shaba. Maelezo haya yanahusu chanzo cha maabara chenye mkondo mdogo, ingawa "mdogo" haina maana ya salama: miliampea 30 za transfoma ya taa za neoni zinatosha kuua.

Piga hesabu kwa kilele cha wimbi. Kilovolti 10 za RMS (thamani fanisi ya wimbi, ile ambayo mita huonyesha) zina kilele cha kilovolti 14.1, na hicho ndicho insulesheni inachopaswa kustahimili. Hewa kavu kati ya sehemu laini hupasuka kwenye takriban kilovolti 3 kwa milimita, lakini ncha kali, vumbi na unyevu hushusha kiwango hicho sana. Kwa hiyo acha sentimita, usihesabu milimita.

Kazi kubwa iko kwenye kigawanya volti, yaani mnyororo wa rezista unaopunguza msongo hadi volti chache zinazoweza kusomwa. Kwa kilovolti 10, panga rezista 10 za omu milioni 10 kwa mfululizo. Kila moja itabeba kilele cha volti 1,414, hivyo chagua zilizoandikwa kuhimili volti 3,000. Rezista ya kawaida ya robo wati huhimili takriban volti 250 tu, hata kama joto lake liko chini kabisa ya kiwango; hapa ndipo wengi hukosea, wakiangalia wati na kusahau volti. Mkondo utakuwa miliampea 0.1, na mnyororo mzima utatumia wati 1.

Chini, upande wa ardhi, weka rezista mbili za omu 100,000 sambamba, ili kwa pamoja ziwe 50,000. Utapata karibu volti 5 za RMS, kilele 7.1, kiasi kinachoingia vizuri kwenye kadi ya kusomea ya volti ±10, ile inayogeuza volti kuwa namba za kompyuta. Kuziweka mbili kuna sababu: moja ikikatika, volti huongezeka maradufu na vilele vya wimbi vinaonekana vimekatwa bapa kwenye skrini. Ungekuwa na moja tu, kukatika kwake kungeacha msongo wote utafute njia kupitia kadi. Sambamba nazo funga dayodi ya kinga ya pande mbili ya volti 12 na mrija wa gesi wa kupitishia cheche, vyote vikienda ardhini kwa nyaya fupi nene. Waya wa ardhi uwe na vituo viwili tofauti, vilivyokazwa kwa skrubu. Klipu haifai.

Angalia pia kadi yenyewe. Ikiwa mlango wake una omu milioni 1, utavuta kigawanya chini na usomaji utapungua kwa karibu asilimia 5. Sahihisha kwa hesabu, au weka bafa, yaani saketi ya kati inayosoma volti bila kuvuta mkondo wa maana. Usahihishaji ufanywe kwa mkondo mbadala wa masafa yaleyale utakayopima, kwa volti mia chache zilizosomwa na mita ya kuaminika, maana kigawanya kilichosahihishwa kwa betri hakionyeshi athari ya kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) iliyojificha kati ya rezista na kuta.

Kompyuta mpakato inayotumia betri haikupi usalama. Isipokuwa na ardhi, hitilafu ikitokea mwili wake wote hupanda hadi volti za mtambo, na wewe ndiye unayekuwa njia ya kwenda chini. Weka kadi ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ardhini, kisha peleka data kwa uzi wa fiba hadi kwenye kompyuta iliyo mita kadhaa mbali. Vitenganishi vya USB vingi hujaribiwa kwa volti elfu chache kwa dakika moja tu. Visiwe ukuta wako wa pekee.

Kwenye programu, chukua sampuli 10,000 kwa sekunde au zaidi, ondoa wastani wa wimbi, kisha kokotoa RMS kwa mizunguko kamili. Milisekunde 200 ni mizunguko 10 ya hezi 50, au 12 ya hezi 60.

Siku ya kupima, awepo mtu wa pili anayejua swichi ya dharura iko wapi. Uzio uwe na swichi inayokata umeme mlango unapofunguka. Jaribu mfumo kwa volti ndogo kabla na baada ya kipimo, kwa sababu sifuri ya kifaa kilichokufa inafanana kabisa na sifuri ya mtambo uliozimwa. Ukishazima, gusisha fimbo ya kuondolea chaji iliyounganishwa ardhini na uiache ikining'inia hapohapo: kapasita iliyomwagwa chaji mara moja huweza kujijaza tena kiasi peke yake.